Msimsubiri Mjomba

(Mazungumzo niliyotoa mbele ya wanachama wa chama cha msingi cha ushirika katika kata moja ya Newala, wiki chache kabla ya msimu wa korosho. Nimeyaandika kadiri ninavyoyakumbuka, pamoja na maswali mawili matatu yaliyofuata.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa chama chetu, wazee wangu, mama zangu, wajomba zangu na wapwa zangu. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata ambao hamjaamkia.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Sista, njoo utupe neno la afya kabla watu hawajatawanyika mashambani." Nikamuuliza neno gani. Akasema lolote. Nikamwambia basi nitazungumzia choo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, ila usikitaje sana." Mwenyekiti, naomba radhi mapema. Nitakitaja sana.

Nianze na mjomba wangu, kaka yake mama. Sisi Wamakonde, kama walivyo jirani zetu Wamwera, Wayao na Wamakua, tangu asili ukoo tunauhesabia kwa mama, kwa hiyo nikisema mjomba hapa hakuna asiyenielewa. Mjomba ndiye anayeitwa mtoto akiumwa, akiposwa, akifukuzwa shule. Mjomba wangu alikuwa na mikorosho mingi na mkono wa kazi. Alikuwa pia mtu wa nipa, ile gongo ya mabibo, na sisemi kwa kumwaibisha, maana hata yeye hakuwa akijificha. Msimu ukifika, fedha ya mnada ikiingia, alikunywa kuanzia jioni. Msimu ukiisha alikunywa kidogo. Hatukuwahi kumwona amelala barabarani. Kwa hesabu za kijijini, huyo hakuwa mlevi.

Siku moja, saa 2 usiku, alitapika damu. Alitapika ndani ya lile beseni la bluu la kuoshea vyombo, maana ndilo lililokuwa karibu. Mkewe alinieleza baadaye kwamba kwanza hakujua kama ni damu. Ilikuwa imeganda vipande vipande kama maini ya ng'ombe. Alipokwenda kumwaga maji chooni na taa mkononi, akaona kwenye sakafu pembeni ya tundu michirizi myeusi inayong'aa, imenata, kama lami iliyodondoka kwenye gari la mkandarasi. Michirizi hiyo ilikuwa ya siku tatu. Mjomba alikuwa akiiona kila alipoingia na hakumwambia mtu. Mwanaume mzima aanze kusimulia choo chake?

Sasa sikilizeni kilichofuata. Watu walijaa, hakuna aliyekuwa mjinga, hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Mmoja akasema hiyo ni damu chafu, iacheni itoke. Mwingine akasema amelishwa kitu huko kilabuni. Mwingine akaleta maziwa. Na juu ya yote likaja swali la nani aamue, kwa sababu aliyezoea kutuamulia ndiye aliyelala pale. Wakakubaliana asubiriwe kaka yake mkubwa atoke Masasi. Kaka akapanda gari la kwanza alfajiri, akafika saa 4 asubuhi. Akasema, "Mpelekeni hospitali, mnasubiri nini?" Wakampeleka. Alikata roho wakiwa njiani.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilikuta kaburi. Baada ya watu kuondoka nilikaa na mke wa mjomba jikoni nikahesabu naye. Saa 2 usiku mpaka saa 4 asubuhi ni saa 14. Siwezi kuapa kwamba angepona. Ninachojua ni kwamba saa 14 hizo hakukuwa na mtu aliyekataa hospitali. Kila mtu alikuwa anasubiri.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi baada ya hapo, na nikiambiwa nitaje ugonjwa mmoja ambao watu wetu wanafika wakiwa wamechelewa kwa heshima na aibu, nitautaja huu. Kutokwa damu ndani ya njia ya chakula.

Damu ile inatoka wapi? Njia ya chakula ni bomba moja refu, kuanzia mdomoni, linashuka kooni na kifuani, linaingia tumboni, kisha utumbo, mpaka huko kunakojulikana. Likivuja sehemu ya juu, damu ina njia mbili. Ikiwa nyingi na ya haraka, inapanda na unaitapika nyekundu. Ikiwa imekaa tumboni ikachezewa na asidi, unatapika kitu cha kahawia cheusi chenye chembechembe, kama mashapo yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. Njia ya pili ni kushuka. Ikishuka inameng'enywa kama chakula, na ikitokea huku chini imeshageuka nyeusi tii, inanata, na ina harufu ambayo muuguzi aliyezoea anaitambua akiwa bado mlangoni. Haihitaji damu nyingi. Kikombe kimoja au viwili vya kahawa, vile vidogo vya wazee wa barazani, vinatosha kukipaka choo chote rangi hiyo.

Mama wajawazito, msiogope bure: vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki navyo hufanya choo kiwe cheusi. Lakini hicho hakinati kama lami wala hakina harufu ile.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo na la ajabu kidogo: kabla hujamwaga maji, tazama. Tena mwenye kutumia pombe atazame zaidi.

Maana pombe ina njia zaidi ya moja ya kumtoa mtu damu. Iko ile ya kuunguza. Uraka wa mabibo, ule wa kukamuliwa leo na kunywewa kesho, una nguvu yake ya wastani. Lakini ukishaingia kwenye pipa na bomba ukatoka nipa, ile ambayo ukiipiga kiberiti inashika moto, hiyo ikitua kwenye tumbo ambalo tangu asubuhi halijapata hata kipande cha muhogo, ngozi laini ya ndani inachubuka. Inavimba, inawaka, mahali pengine inavuja damu. Mtu anasema "kifua kinaniwaka", anatafuna magnesi, kesho anarudi kilabuni.

Halafu iko ya kuchanika. Mtu amekunywa kupita kiasi, anatapika, anatapika tena, tumbo limeshakwisha chakula lakini bado linakamua kwa nguvu. Pale tumbo linapoungana na bomba la juu panachanika. Dalili yake ni kwamba matapishi ya kwanza yalikuwa chakula na ya mwisho yakawa damu. Mwaka 1929 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mallory na Weiss, waliandika kuhusu wagonjwa wao waliochanika hivyo baada ya ulevi, na mpaka leo mpasuko huo unaitwa kwa majina yao. Mingi hujifunga yenyewe. Ila wewe hapo nyumbani, na tochi ya simu, huna namna ya kujua kama ni huo au ni kitu kingine.

Na hicho kitu kingine ndicho kilichomuua mjomba, ninavyoamini. Hapa naomba mnisikilize taratibu.

Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zile, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kule Somanga? Mabasi na malori yetu yalifanya nini? Yalizunguka Tunduru, Songea, mpaka yatokee huko Iringa. Mzigo haukusimama. Ulitafuta njia. Basi ini ndiyo Somanga ya mwili. Damu yote inayotoka kwenye matumbo, imebeba chakula na pombe na dawa, lazima ipite kwenye ini kwanza ichujwe ndipo ipande kwenye moyo. Miaka ya pombe nyingi inalijaza ini makovu. Linakuwa gumu, linasinyaa. Damu ikifika inakuta barabara imekatika. Haitasimama, itazunguka. Inajipenyeza kwenye vimishipa vya pembeni, na baadhi yake viko kwenye lile bomba la chakula, kifuani. Vimishipa hivyo havikuumbwa kwa mzigo huo. Vinatuna, kuta zake zinakuwa nyembamba, vinajaa kama bomba la baiskeli lililotokeza kwenye tairi bovu. Siku moja kimoja kinapasuka.

Na kikipasuka hakiumi. Hilo ndilo linalodanganya watu. Tumezoea kwamba jambo kubwa lina maumivu makubwa. Mjomba usiku ule alikuwa anaongea vizuri, anatania, anasema "nimetoa uchafu, sasa najisikia mwepesi". Wepesi ule ulikuwa ni damu kupungua.

Ini lenye makovu halitokani na pombe peke yake. Homa ya ini aina ya B nayo huliharibu vilevile, na wengi wetu watu wazima hatukuchanjwa utotoni. Mtu mwenye kirusi hicho akiongeza na pombe, anakata barabara pande zote mbili. Ukipata nafasi, pima. Ukikutwa huna kirusi, ulizia chanjo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mtanichukia, kwa sababu kiko mfukoni mwa nusu ya watu waliokaa hapa. Diklo. Msimu wa kupulizia salfa na kuokota, mgongo unauma, magoti yanauma, kila mtu ana karatasi yake ya diklofenaki. Unameza asubuhi bila kula, unameza jioni, halafu unashushia na nipa. Dawa hizo, pamoja na asprini na ibuprofeni, zinaondoa maumivu, sikatai, lakini zinaondoa pia ile kinga inayolilinda tumbo lisijichome kwa asidi yake lenyewe. Ukiiweka na pombe juu yake, umemtuma mwizi wa pili kwenye nyumba ambayo wa kwanza ameshavunja mlango. Nimeona wazee wasioonja pombe kabisa wametapika damu kwa diklo tupu. Maumivu ya mgongo, mwulize mtaalamu, kuna dawa nyingine. Na ukiwa umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, sema hivyo kabla hujapewa chochote, hata kama ni duka la dawa la shemeji yako.

Na nyie msiokunywa, naona mmoja pale anatabasamu tangu nilipoanza. Vidonda vya tumbo sehemu kubwa vinaletwa na bakteria anayeishi tumboni, na huyo haulizi kama wewe ni wa msikitini au wa kilabuni. Zamani madaktari wenyewe walisema ni mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alipochoka kubishana akachukua kikombe chenye bakteria hao akawanywa. Baada ya siku chache akaanza kutapika na tumbo lake likakutwa limevimba ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Faida yake kwetu ni kwamba leo mtu anapimwa, anapewa dawa za kuua bakteria kwa muda wa wiki mbili hivi, na kidonda kinapona. Hakuna haja ya kutafuna magnesi miaka 10.

Haya, tuseme ni usiku na imetokea. Mgonjwa ametapika damu, au choo chake ni lami na anasikia kizunguzungu akisimama. Fanyeni hivi. Mlazeni kwa ubavu ili akitapika tena asipaliwe. Msimpe maziwa, msimpe uji, msimpe dawa ya mitishamba, msimpe kidonge cha maumivu. Tumbo linatakiwa liwe tupu, kwa sababu huenda akaingizwa kipimo. Mtazameni viganja na ndani ya kope: kama vimepauka, kama jasho la baridi linamtoka, kama moyo unakimbia na anaomba maji kila dakika, ujue damu iliyobaki haitoshi. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, sawasawa na kile kidumu cha mafuta ya kula. Ikitoka kiasi cha chupa kubwa ya maji, ile ya lita moja na nusu, yuko hatarini, hata kama bado anaongea na kutania.

Na msimsubiri mjomba. Mpigieni simu mkiwa njiani. Wajomba mliopo hapa, mimi nawaheshimu, ninyi ndio mlionilipia ada. Lakini itangazeni ruhusa hiyo leo mkiwa wazima, mbele ya watu, ili siku ya siku mke wa mtu asiogope kuambiwa "ulimchukua kwa amri ya nani?"

Habari ya usafiri. Bodaboda ni mkombozi, ila mtu anayetokwa damu akikalishwa wima anazirai. Ikiwa hakuna kingine, akae katikati na mtu wa kumshika nyuma. Lakini katika kijiji hiki najua kuna kirikuu mbili na Noah moja. Wenyewe wako hapa. Namba zao zibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chama, na bei ya usiku ikubaliwe leo. Bei ya kupatania saa 8 usiku mtu akitapika damu si bei, ni kukomoana.

Zahanati ni mahali pazuri pa kuanzia kama iko njiani: watamwekea dripu, wataandika rufaa. Ila zahanati haina damu ya kuongeza. Msilale hapo mkisubiri apate nafuu. Anatakiwa kwenye hospitali: Ligula, au Mitengo kwenye hospitali ya kanda, au Ndanda. Ndugu zetu wa Lindi wana Sokoine na Nyangao.

Mkifika, kuna mambo mawili yanawachanganya ndugu wengi. La kwanza ni kipimo cha wingi wa damu. Mgonjwa anapimwa, majibu yanatoka 11 au 12, ndugu mmoja msomi anasema, "Mbona damu ipo, turudi." Msirudi. Chukua chupa ya chai iliyokolea, mwaga nusu. Iliyobaki si imekolea vilevile? Kipimo kinaangalia ukolezi. Saa kadhaa mbele, mwili ukishavuta maji na dripu imeingia, ndipo namba inaporomoka na ukweli unaonekana. Kwa hiyo daktari akisema alazwe, alazwe.

La pili ni kipimo cha kamera. Ni mpira mwembamba unaopita mdomoni, una taa na kamera mbele, daktari anaona ndani mahali panapovuja. Haupendezi, lakini si upasuaji. Na mara nyingi hapohapo wanatibu: kama ni kidonda wanakichoma au kukidunga dawa, na kama ni yale mabomba ya baiskeli niliyosema, wanayafunga moja moja kwa mpira mdogo, kama rababendi ya kufungia noti za mnada, ila ndogo kuliko ncha ya kidole. Hakipo kila hospitali, ndiyo maana mnaweza kupewa rufaa ya pili. Wakati huo huo kuna sindano za kupunguza asidi, kuna dawa za kushusha msukumo kwenye ile mishipa, na kwa mwenye ini bovu kuna antibiotiki, maana wadudu humvamia upesi akiwa katika hali ile.

Semeni ukweli kuhusu pombe. Daktari akiuliza anakunywa nini na kiasi gani, hataki kumpeleka mtu polisi. Najua gongo ni kosa kisheria, na ndiyo maana ndugu wanajibu "anakunywa bia mojamoja" huku mgonjwa anasikika nipa mpaka kwenye mashuka. Ukificha, atatibiwa ugonjwa usio wake. Na kuna sababu nyingine nzito: mtu anayekunywa kila siku, akilazwa akakosa pombe ghafla, ndani ya siku 3 anaweza kuanza kutetemeka, kuona wadudu ukutani, hata kupata degedege. Tukijua mapema tunampa dawa na vitamini ya sindano. Tusipojua, tunadhani amepandwa na majini.

Nanyi niwape haki yenu, kwa sababu sisi wa hospitali nasi tuna makosa. Niliwahi kuwa zamu mahali fulani, akaletwa baba mmoja ametapika damu, bado ananuka pombe. Mwenzangu akamwambia mbele ya wanawe, "Umeyataka mwenyewe, sasa unakuja kutumalizia damu za wajawazito." Yule baba hakujibu. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu, ameondoka kwa miguu na kanula, kile kimrija cha dripu, bado iko mkononi. Mimi nilikuwepo, nilisikia, nikanyamaza. Hatukupata kujua aliishia wapi. Kwa hiyo mkikutana na maneno ya namna hiyo, ombeni kumwona msimamizi wa zamu, lakini msiondoke. Kutukanwa ukiwa hai kuna kesho yake.

Damu aliyoitaja mwenzangu haiuzwi, na haitoki mbinguni. Kanda yetu ya kusini ina kituo cha Damu Salama pale Mtwara mjini, na kinachojaza majokofu yake ni mikono yetu. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, akiwa na miaka 18 na kuendelea, na uzito wa kilo 50 au zaidi. Msimu huu wa mnada, siku ambayo gari lao litakuja, naomba foleni iwe ndefu kama ile ya malipo. Angalau nusu yake.

Mama zangu mnaopika nipa, nimewaona mmejiinamia. Inueni vichwa. Najua ada za shule zimetoka kwenye mapipa hayo, na sikuja kuwachongea. Mnakumbuka viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki? Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, tena aliyetangaza alikuwa ni mwenzetu wa Ruangwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa. Viroba vikaondoka madukani, wanywaji hawakuondoka. Walihamia kwenu. Kwa hiyo ninyi mnamjua mnywaji kuliko mimi, mnajua nani hali, nani anatapika kila asubuhi, nani macho yamekuwa ya manjano na tumbo linatuna huku miguu imekonda. Mnamjua wiki nyingi kabla yangu. Mwambieni. Akisikia kwenu, kwa mtu anayekula hela yake, ataamini haraka kuliko kwa nesi mstaafu.

Na aliyekwisha tokwa damu kwa sababu ya ini, kwake hakuna "kidogo". Hakuna uraka wa kuonja, hakuna glasi ya harusi. Kuacha ni kuacha, lakini aache akiwa na mtu wa kumsimamia na dawa, kwa sababu ile niliyoeleza ya degedege. Wapo waliopona. Yuko kijana mmoja wa upande wa Tandahimba, alifungwa mishipa mara tatu kwa kipindi cha miezi kadhaa, akapewa vidonge vya kumeza kila siku vya kushusha msukumo. Nikikutana naye sokoni ananiuliza, "Sista, leo nimekula, unataka kujua na choo?" Watu wanashangaa. Mimi namwambia sema.

(Maswali yalikuwa mengi. Kijana mmoja aliuliza kama damu nyekundu safi wakati wa kujisaidia nayo ni ileile. Nilimjibu kwamba mara nyingi hiyo ni bawasiri au mchubuko wa karibu na nje, na inatibika, lakini ikiwa nyingi na mtu anazirai, inaweza kuwa inatoka juu kwa kasi, basi ni safari ileile ya hospitali. Mama mmoja aliuliza kuhusu majivu na magadi ya kutuliza tumbo. Nilimwomba aviache vipikie kisamvu.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyekaa kwenye mzizi wa mwembe, kofia yake ameiweka gotini. Alisimama polepole.

"Sista, umesema tusimsubiri mjomba. Katika ukoo wetu kaka zangu wamekwisha, mjomba ni mimi. Na nipa nakunywa, kila mtu anajua. Siku hiyo ikinifika mimi, nani atasema nipelekwe?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Sikuwa na jibu la haraka. Kabla sijafungua mdomo, mzee aligeuka akamtafuta mtu kwa macho kwenye lile kundi la vijana wa bodaboda, akamwonyesha kwa fimbo. Msichana wa miaka kama 20, mtoto wa dada yake, alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya kaka yake anatafuna muwa.

"Wewe. Umesikia habari ya choo? Siku hiyo usiniulize."

Msichana akatema kapi la muwa, akasema, "Nimesikia, mjomba. Jana chooni kulikuwaje?")